"Exactly", "sharp", "right": kusema kwa uhakika na wageni Lamu

Kiswahili kina "kamili" kwa saa, "hasa" kwa jambo na "pale pale" kwa mahali. Kiingereza nacho hugawa vivyo hivyo, ila kila neno lina kiti chake katika sentensi. Natembeza wageni hapa Lamu na maneno haya yamo kinywani mwangu kila siku.

Hatua ya 1: geuza saa, kabla ya neno lolote. Nilipoanza kazi nilimwambia mgeni "one o'clock sharp", kichwani mwangu ni saa moja kamili asubuhi. Tulikuwa twende kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, na mkono wa bahari unaoingia huko katikati ya mikoko haupitiki ila maji yakijaa. Alifika gatini saa saba kamili mchana, maji yamekwisha kupwa. Alikasirika, na alikuwa na haki. Saa moja asubuhi ni "seven in the morning". Ongeza sita au toa sita, ndipo uendelee.

Hatua ya 2: neno la saa. "Sharp" na "on the dot" hufuata saa: "seven sharp", "seven on the dot". "Exactly" hutangulia: "at exactly seven". Ukisema "sharp seven" utaeleweka, lakini wenyewe hawasemi hivyo. "Precisely" hukaa panapokaa "exactly", ila ni rasmi zaidi, gatini siitumii.

Hatua ya 3: mahali na kitu chenyewe. Pale pale nyuma ya ngome ni "right behind the fort". "Exactly behind" si kosa, lakini "right" ndiyo huwatoka wao bila kufikiri. Mlango huu huu ni "this very door". Hapo "very" haina maana ya "sana", na wanafunzi wangu wengi hujikwaa papo hapo.

Hatua ya 4: jina la kitu (nomino) hutaka "exact", bila "-ly". Nauli kamili ya boti ya Shela ni "the exact fare".

Hatua ya 5 ndiyo nzito: "accurate" na "precise". "Accurate" ni kulingana na ukweli. "Precise" ni kutaja kwa undani. Ngome yetu ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821. Ukisema "between 1813 and 1821", hiyo ni "accurate". Ukijibu "it was finished in May 1815" ili tu mgeni apate tarehe, umekuwa "precise" na umempotosha. "One o'clock sharp" yangu ilikuwa na kasoro hiyo hiyo.

Hatua ya 6: kujibu. Mgeni akilipata jambo sawasawa, mwambie "Exactly!", yaani "Hasa!". "Not exactly" ni kusahihisha kwa upole aliyekaribia. Asiyekaribia, mwambie "No". Wanaotoka Mombasa huuliza kama ngome hii nayo ni ya Wareno. Hapo "not exactly" haifai, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Waomani.

Pasipo na uhakika tumia "about". Kwa miguu hadi Shela nasema "about forty minutes", maana kila mtu na mwendo wake. Kwa Takwa nasema "at exactly seven in the morning", kisha namwandikia 7:00 a.m. kwenye karatasi na kumpa mkononi.