Ukija Kaole usikimbilie picha, hivi ndo namna ya kuitembelea

Mimi naishi Bagamoyo na kila likizo lazima ndugu mmoja atoke Dar aseme nipeleke magofu, namchukua tunaenda, baada ya dakika ishirini na selfi kumi anasema haya twende tukale samaki. Inaniuma kwa kweli, maana pale Kaole, mji wa kale uliobaki magofu, kuna msikiti wa karne ya 13, kati ya misikiti ya kale kabisa huku pwani ya bara, na pembeni yake wamelala wakubwa wa mji waliokuwepo kabla hata Bagamoyo haijaitwa Bagamoyo. Tenga masaa mawili, ukiweza matatu.

Kufika ni rahisi, ni kama kilomita 5 kusini ya mji, chukua boda au bajaji stendi ila mkubaliane kabisa bei ya kwenda na kurudi au uchukue namba yake, maana kule kupata usafiri wa kurudi sio uhakika. Nenda asubuhi, saa mbili saa tatu hivi, ikifika saa sita yale mawe yanachoma na kivuli ni cha kutafuta. Beba maji na kofia. Kitambulisho pia usisahau kwasababu bei ya Mtanzania sio sawa na ya mgeni. Dada zangu kanga moja begani inatosha, na kaka usije na kaptula fupi, unaingia msikitini na makaburini hata kama paa halipo.

Getini chukua muongozaji. Najua wengi mnabana hapo mnasema nitasoma vibao mwenyewe, lakini nusu ya habari za Kaole haijaandikwa kwenye kibao chochote, iko kwa wenyeji.

Alafu usiende moja kwa moja makaburini, anzia kwenye kile kijumba cha makumbusho hata kama ni kidogo. Angalia vile vipande vya kaure ya China, yaani vyombo vya udongo vya kung'aa, na vyungu. Sababu ni hii, baadae ukifika kwenye nguzo za makaburi utaona mashimo ya duara yamechongwa kwenye mawe, na mtu ambaye hajaona kaure anapita tu anadhani ukuta umebomoka. Yale mashimo yalikuwa na bakuli ndani yake! Bakuli zimesafiri na majahazi kwa pepo za kaskazi kuvuka bahari yote ile alafu mtu anapambiwa nazo kaburi lake, hapo ndo unajua aliyelala pale hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick ndo alichimba pale, na mengi tunayojua kuhusu umri wa mji yanatokana na kazi ile.

Ukiingia msikitini tafuta kibla kwanza, ile sehemu ya ukutani inayoonyesha upande wa kuswalia. Inaangalia kaskazini, maana kwetu huku Makka iko kaskazini, na ukishaijua kibla utayaelewa na makaburi, kwasababu Muislamu analazwa kwa ubavu wa kulia uso uelekee kibla, ndo maana utaona yote yamelala mashariki magharibi. Kuta ni matumbawe ya baharini, na chokaa yake nayo ni matumbawe yaliyochomwa moto. Sogea uangalie kwa karibu, utaona bado yana vijitundu vyake vya baharini, ila usikwangue wala usiegemee, ile chokaa imekaa miaka mamia na inatoka unga.

Makaburi yanahesabiwa 22. Ya nguzo ndo ya wakubwa, madiwani, na diwani wa zamani Mrima huku, yaani pwani yetu hii, sio huyu wa kata tunayempigia kura, alikuwa ndo mtawala wa mji. Kuna kaburi la Sharifa ambalo mpaka leo watu wanakuja kuomba dua, utakuta ubani, utakuta hela, usiguse na usipige picha mtu akiwa anaomba. Mimi bibi yangu alinipeleka pale nikiwa mdogo akanishika mkono akasema toa salamu kwanza, hawa ni wenyeji wako. Kama ni Muislamu wape salamu ya makaburini, kama sio simama kimya kidogo, inatosha. Na jamani msikae juu ya kaburi! Nimeona watu wazima wamepanda kabisa wameegemea nguzo, ungekubali mtu afanye hivyo kwa babu yako?

Wenyeji pia watakuonyesha kaburi la mume na mke waliozama baharini wakazikwa pamoja, kisima kinachosemwa hakikauki, na mbuyu ambao wanasema ukiuzunguka unaongeza umri. Zunguka tu.

Sehemu ambayo watu wanairuka ni upande wa bahari. Muombe muongozaji akupeleke, utakuta mikoko na tope, bahari yenyewe huioni vizuri. Hapo ndo palikuwa bandari. Tope lilijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kufika na watu wakahamia huku Bagamoyo. Simama pale alafu geuka uangalie msikiti ulivyo karibu, utaelewa kwanini walijenga pale na kwanini wakaondoka.

Ukibaki na nguvu mchana pita misheni ya Wakatoliki, ile ya 1868, uone mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulifikishwa Februari 1874 na watumishi wake kina Chuma na Susi. Ila misheni iache iwe ya pili, kule kuna miembe ya kukaa chini, Kaole jua la mchana halina huruma.