Somo: Kuendesha mkono bandia wa waya kwa mwendo wa bega

Wengi wanaovaa mkono bandia wa waya kwa mara ya kwanza huinua mabega kuelekea masikioni, wakakaza shingo, na jioni mgongo unawauma. Mkono huu hautaki nguvu hiyo. Unataka mwendo ambao mwili umeuzoea tangu utotoni: kupeleka mkono mbele kufuata kitu. Somo hili ni la waliokatwa chini ya kiwiko, wanaotumia kulabu, yaani ncha ya vidole viwili inayokaa mahali pa kiganja, inayofunguka kwa kuvutwa.

Jua kwanza unavyofanya kazi. Mkanda unapita mgongoni na kuzunguka kwapa la upande mzima, ule usiokatwa. Kutoka hapo waya unapita ndani ya ala yake hadi kwenye kulabu. Ukipeleka mkono mbele, waya unavutwa na kidole kimoja cha kulabu kinafunguka. Ukilegeza, mipira, yaani pete za raba zilizovishwa kwenye shina la kulabu, inakifunga. David Dorrance alipata hataza ya kulabu ya aina hii mwaka 1912, na hadi leo inavaliwa: ni nyepesi, ngumu, haidai betri.

Hatua ya 1. Vaa fulana ya pamba, kisha mkanda. Mahali mikanda inapokutana mgongoni pakae chini ya ule mfupa wa shingo unaochomoza, kidogo kuelekea upande mzima.

Hatua ya 2. Simama, kunja kiwiko, kisha sukuma mkono mbele taratibu kuanzia begani. Shingo ilegee. Kulabu ikifunguka nusu, simama hapo hapo. Sasa fumba macho. Sikiliza mkanda unavyokaza kwapani: mkazo huo ndio unaokuambia kulabu imefunguka kiasi gani. Rudia mpaka uweze kutaja upana wake kabla ya kuutazama. Hatua hii usiiharakishe kabisa. Anayeiruka hubaki akitegemea macho kwa kila kitu.

Hatua ya 3. Karibu na kifua au mdomo hakuna nafasi ya kusukuma mbele. Hapo tanua mgongo wa juu, mabega yote mawili yaje mbele kidogo, kama mtu anayejikumbatia.

Hatua ya 4. Anza kushika kipande cha mbao, halafu sponji, mwisho kikombe cha karatasi. Kumbuka, anayebana ni mipira, si wewe. Kulabu ikigusa ukingo wa kikombe, usiuachie waya wote. Bakiza mkazo mdogo begani ili mipira isikiponde kikombe. Ukingo ukianza kupinda, sogeza bega mbele kidogo tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi nimekatwa juu ya kiwiko. Mwendo ni huu huu?
Ndiyo, ila waya mmoja unafanya kazi mbili. Kiwiko kikiwa hakijafungwa, kuvuta kunainua kigasha. Kikifungwa, mvuto ule ule unafungua kulabu. Kufuli la kiwiko huendeshwa kwa kushusha bega, kulirudisha nyuma na kulitoa nje kidogo, yote kwa pamoja. Lifanyie mazoezi peke yake kwanza.

Mkono wa umeme si rahisi zaidi?
Ule husoma ishara za misuli kupitia vipokezi vinavyogusa ngozi, mara nyingi juu ya misuli iliyokuwa ikikunja na kunyoosha kifundo cha mkono. Kwa hiyo unawaza kukunja kifundo ambacho hakipo tena, na misuli inaitikia. Hauna waya wa kukupa mkazo begani, na una uzito wake. Kwangu mimi, kazi za vumbi na maji bado ni za waya.

Vidole vya mkono wangu mzima vinakufa ganzi nikivaa muda mrefu. Niendelee?
Hapana, ndugu yangu. Mkanda huenda unabana mishipa ya fahamu kwapani. Vua, kisha mwone fundi wa viungo bandia aulegeze, auwekee kitambaa laini, au akubadilishie mkanda unaobeba uzito begani.