Borshi ya Kirusi: jinsi ya kuipika ikafika mezani nyekundu

Borshi, supu ya bitiruti, nyama na mboga, huharibikia kwenye rangi. Ukitupia bitiruti sufuriani pamoja na mboga nyingine tangu mwanzo, utapakua supu ya kahawia iliyopauka. Wekundu wa bitiruti hauvumilii moto wa muda mrefu, ila ukichanganywa na kitu kichachu hudumu zaidi. Ndiyo maana bitiruti hupikwa peke yake, na siki.

Kwa watu 6, chukua gramu 800 za muundi wa ng'ombe wenye mfupa na maji baridi lita 2.5. Chemsha, engua povu lote mpaka lisitoke tena, kisha punguza moto. Tia kitunguu kizima, punje 6 za pilipili manga na majani 2 makavu ya bay. Acha itokote taratibu kwa saa 2. Ikichemka kwa fujo mchuzi unakuwa na ukungu. Chumvi itie nusu saa ya mwisho. Toa nyama, ikate vipande, chuja mchuzi.

Nyama ikiwa jikoni, menya bitiruti gramu 400 na uzikate njiti nyembamba. Kukwaruza ni haraka, lakini bitiruti iliyokwaruzwa hulainika ikapotelea kwenye supu. Zikaange kwa vijiko 2 vya mafuta dakika 5, kisha weka kijiko 1 kikubwa cha siki, kijiko 1 kidogo cha sukari na upawa mmoja wa mchuzi. Funika, moto mdogo, dakika 30. Kwenye kikaango kingine kaanga kitunguu 1 na karoti 1 mpaka vilainike, ongeza vijiko 2 vikubwa vya nyanya ya kopo, ukoroge mpaka ukali wake wa ubichi uishe.

Rudisha mchuzi motoni. Viazi gramu 300 vinatangulia, dakika 10. Kisha kabichi gramu 300 iliyokatwa nyembamba, dakika 5 hadi 7. Hakikisha kiazi kimeiva kabla ya kuingiza bitiruti na nyanya, maana uchachu hukifanya kichelewe kulainika. Sasa changanya vyote pamoja na nyama, dakika 5 tu. Zima moto, tia punje 3 za kitunguu saumu zilizopondwa, funika nusu saa. Usiiruke hatua hii: hapo ndipo ladha zinapoingiana, na kesho yake supu huwa tamu zaidi.

Huko Moscow wengine huongeza hemu na soseji. Ya ng'ombe mtupu inajitosheleza. Ukraina wana borshi zao, na mwaka 2022 UNESCO iliutambua upishi huo kuwa urithi wa kulindwa haraka.

Rangi ikipotea, kwaruza bitiruti mbichi moja ndogo, imwagie kikombe cha mchuzi wa moto na kijiko kidogo cha siki, subiri dakika 15, chuja, kisha mimina kwenye supu bila kuichemsha tena. Ikizidi uchachu, ongeza sukari kidogo kidogo.

Krimu chachu, ambayo Warusi huiita smetana, huwekwa kwenye bakuli la mlaji, kijiko kimoja, na majani ya shibiti (dill) juu. Ukiikosa, chuja mtindi kwa kitambaa safi mpaka uwe mzito. Usiitie sufuriani, itakatika. Kesho yake pasha kiasi mtakachokula tu, na uepue kabla haijachemka.