Fanya algoridhimu kwa mkono: kagua IMEI ya simu yako kwa peni na karatasi

Neno algoridhimu siku hizi liko kila mahali, video ikikutokea mara mbili utasikia ni algoridhimu, ombi la mtu likikataliwa ni algoridhimu, yaani linatajwa kama jini fulani anayekaa ndani ya simu. Mi naona njia nzuri ya kulielewa ni kuchukua moja uifanye mwenyewe kwa mkono mpaka jibu litoke. Na iko moja ambayo simu yako imeibeba tayari.

Fungua sehemu ya kupigia, andika *#06#, itatokea yenyewe namba ya tarakimu 15 inaitwa IMEI. Kama simu ni ya laini mbili zitakuja mbili, chukua moja tu, na ukiona mkwaju (/) na tarakimu za ziada mwishoni achana nazo. Iandike kwenye karatasi. Tafadhali usiipige picha ukairusha kwenye grupu, hicho ni kitambulisho cha simu yako na wapo wanaopachika namba za watu kwenye simu za wizi.

Mi hapa natumia ya mfano, 490154203237518. Ile ya mwisho kabisa, 8, ifunike na kidole kwanza. Zimebaki 14. Anzia kushoto, ya kwanza iache kama ilivyo, ya pili zidisha mara mbili, ya tatu iache, ya nne zidisha mara mbili, hivo hivo mpaka zote ziishe. Ukizidisha ukapata tarakimu mbili zijumlishe zenyewe, mfano 9 mara mbili ni 18, 1 na 8 ni 9, basi unaandika 9. Kwenye mfano wangu zilizoachwa ni 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, jumla 22, na zilizozidishwa zimekuwa 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Ukiziweka pamoja ni 52. Sasa 52 inataka ngapi ifike 60, yaani namba ya karibu inayoishia na sifuri? Inataka 8. Toa kidole uone. (Jumla ikiwa tayari inaishia na sifuri, basi tarakimu ya mwisho ni 0.)

Hiyo uliyofanya ndo algoridhimu, nzima kabisa, hatua zinazofuatana kwa mpangilio ambazo yeyote akizifuata bila kukosea anapata jibu lile lile. Hii ni ya Hans Peter Luhn, injinia wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipewa hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) Marekani mwaka 1960, na kilichoelezwa mle kilikuwa ni kifaa cha kushika mkononi kinachofanya kazi kwa magurudumu, hakuna umeme wala skrini. Neno lenyewe ni la zamani zaidi, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9.

Kwa nini tuhangaike kuzidisha, si tujumlishe tu? Kwa sababu kosa letu moja la kawaida tukiandika namba ndefu ni kupindua mbili zilizo jirani, 45 inakuwa 54, na jumla ya kawaida haioni tofauti maana 4 na 5 ni 9 ukianzia popote. Moja ikizidishwa na nyingine ikaachwa, nafasi inaanza kuwa na maana. Napenda sana hapa, hatua moja ndogo tu na makosa mengi yanakamatwa.

Namba za kadi za benki nazo nyingi zinatumia kanuni hii, ila kwa kuwa urefu unatofautiana unahesabu kutoka kulia, jirani wa ile ya mwisho ndo wa kwanza kuzidishwa. Ndo maana ukikosea tarakimu moja wakati wa kulipia kitu mtandaoni, ukurasa unaweza kukuambia namba si sahihi papo hapo kabla hata benki haijaulizwa. Lakini haijui kama kadi ipo, haijui kama ina hela, haijui kama ni yako, imepiga hesabu tu. Mtu akikuambia namba ya kadi ni halali kwa sababu imepita ukaguzi huu usimwamini, hata wewe sasa unaweza kutunga namba ikapita. Na ukitaka kujaribu na kadi yako fanya kwenye karatasi kisha uichane, usiiandike kwenye tovuti yoyote ya kukagua namba.

Sasa rudi kwenye IMEI yako uichokoze. Badilisha tarakimu moja yoyote, piga hesabu upya, itakataa kila mara. Pindua mbili zilizo jirani, itakataa karibu zote. Kisha tafuta kama una 0 na 9 zimekaa pamoja, zipindue hizo, hapo itakubali, na ukiziangalia vizuri (9 ukiizidisha inarudi kuwa 9, na 0 inabaki 0) utaona mwenyewe imepitia wapi.