Somo: Kuandaa orodha ya mahitaji baada ya tetemeko la ardhi

Ndugu wanachama, tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki Tanzania na mamia wakajeruhiwa. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. Familia nyingi zililala nje hata pale nyumba ilipobaki imesimama, maana kuta zilikuwa na nyufa na ardhi bado ilitikisika. Katika hali kama hiyo kila mtu hukimbilia kukusanya chochote. Mimi nasema orodha itangulie, gari lifuate.

Hatua ya 1: Hesabu watu, si nyumba

Uokoaji wa mwanzo hufanywa na majirani, na wengi wanaotolewa hai hutolewa ndani ya siku tatu. Aliyebanwa na kifusi kwa saa nyingi apelekwe hospitali hata akionekana mzima, kwa sababu misuli iliyopondwa humwaga sumu kwenye damu na figo zinaweza kushindwa kazi.

Wakati huo huo, mabalozi wa nyumba kumi na wenyeviti wa vitongoji waandike kila kaya: watu wangapi, watoto wachanga, wajawazito, wazee, wenye ulemavu, na wanaotumia dawa kila siku. Dawa za presha, kisukari na ARV husahaulika sana, ilhali zimefukiwa pamoja na kabati.

Hatua ya 2: Maji na vyoo

Hapa tutulie kidogo. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Kaya ya watu watano inahitaji lita 75, yaani karibu madumu manne ya lita 20. Kitongoji chenye watu 500 kinahitaji lita 7,500 kila siku. Ukiijua hesabu hiyo, utaona kwamba katoni za maji ya chupa hazifiki popote. Kinachotakiwa ni boza, matangi, dawa ya kutakasa maji, na ndoo zenye mifuniko.

Vyoo: siku za mwanzo kimoja kwa watu 50, kisha mshuke hadi kimoja kwa watu 20. Viwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, vya wanawake vitengwe, viwe na komeo kwa ndani na taa usiku.

Haiti ilipigwa na tetemeko tarehe 12 Januari 2010. Oktoba ya mwaka huo kikazuka kipindupindu, baada ya maji machafu ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa kuingia mtoni. Kiliua karibu watu 10,000. Kwa hiyo vyoo vya waliokuja kusaidia navyo viingie kwenye orodha.

Hatua ya 3: Malazi

Kadiria mita za mraba 3.5 zilizoezekwa kwa kila mtu. Ongeza kamba, misumari, nyundo na mikeka. Turubai peke yake halisimami. Angalia pia majira. Kagera mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, tetemeko lilipiga alfajiri ya baridi kali, hivyo majiko ya kupasha joto na blanketi nzito vilikuwa suala la uhai.

Hatua ya 4: Chakula

Ukipeleka unga na maharage, peleka na sufuria, kuni au mkaa, na mafuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Tumechangiwa maziwa ya kopo ya watoto. Tuyagawe?

Jibu: Msiyagawe kwa wote. Maji yakiwa machafu, chupa humletea mtoto kuharisha. Anayenyonyesha apewe chakula na mahali pa faragha anyonyeshe. Maziwa hayo yatolewe na mhudumu wa afya kwa mtoto asiye na wa kumnyonyesha.

Swali: Nguo za mitumba je?

Jibu: Ulizeni kwanza. Marobota yasiyochambuliwa hula nafasi ya gari na muda wa watu. Kanga, nguo za ndani mpya na taulo za kike huhitajika karibu kila mara.

Swali: Mwalimu, tuwazike marehemu haraka ili maiti zisilete magonjwa ya mlipuko?

Jibu: Hapana. Maiti za waliouawa na tetemeko kwa kawaida hazianzishi mlipuko. Msizike kwa halaiki. Pigeni picha, andikeni alama na nguo, ndugu wapate kuwatambua na kuwazika kwa dini yao.

Swali: Tukitoa pesa taslimu hazitapotea?

Jibu: Kama soko liko wazi, pesa ni bora, kwa sababu mwenye shida hununua anachokosa na mwenye duka naye huinuka. Tumieni akaunti moja yenye watia saini watatu, na majina na kiasi vibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kila wiki. Soko likiwa limefungwa, pelekeni vitu.