Jinsi ya Kuandaa Maswali kwa Daktari Bingwa wa Mapigo ya Moyo

Mtu anapoambiwa kwamba ana mpapatiko wa atiria, yaani vyumba viwili vya juu vya moyo wake vinatetemeka ovyo badala ya kusinyaa kwa mpangilio, kinachomsumbua kwanza ni yale mapigo yanayokwenda mbio kifuani, na swali analomwendea nalo daktari bingwa huwa ni moja tu: je, nitapona? Ni swali la haki, lakini ni vigumu kulijibu lilivyo, kwa sababu matibabu ya ugonjwa huu yana pande mbili. Upande wa kwanza ni kuzuia damu isigande ndani ya moyo na kusababisha kiharusi. Upande wa pili ni kuyashughulikia mapigo yenyewe. Mgonjwa asiyezitenganisha pande hizi hutoka kwa daktari na dawa asizojua ipi ni ya nini, na siku mapigo yanapotulia huenda akaacha ile ambayo hakupaswa kabisa kuiacha. Kwa hiyo igawe karatasi yako ya maswali katika sehemu mbili tangu mwanzo.

Kabla ya kuandika swali lolote, kusanya habari zako mwenyewe. Kwa muda wa wiki mbili au zaidi, andika katika daftari kila tukio: tarehe, saa lilipoanza na lilipoisha, ulikuwa ukifanya nini, ulilala vipi usiku uliotangulia, kama ulikunywa pombe, na ulijisikiaje, iwe ni kizunguzungu, kukosa pumzi, uchovu au kutojisikia chochote. Daftari hili lina kazi kubwa, kwa kuwa madaktari huupanga ugonjwa huu kwa muda wake: ule unaokoma ndani ya siku 7, ule unaoendelea zaidi ya siku 7, na ule uliodumu zaidi ya miezi 12. Kuna pia unaoitwa wa kudumu, na hapa wengi hushtuka bila sababu, kwani neno hilo halina maana kwamba moyo umeharibika kabisa. Lina maana kwamba mgonjwa na daktari wamekubaliana kutojaribu tena kurudisha mpangilio wa mapigo. Swali lako la kwanza basi liwe: «Wangu ni wa aina gani, na umejuaje?»

Beba nakala za vipimo vya ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, hasa kile kilichopigwa wakati mapigo yamevurugika. Kama una saa ya mkononi inayorekodi ECG, chapisha rekodi hizo, kwa sababu daktari bingwa anaweza kuzisoma mwenyewe. Chukua majibu ya eko ya moyo, yaani picha ya moyo ipigwayo kwa mawimbi ya sauti, yanayoonyesha hali ya vali, ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto na nguvu ya moyo kusukuma damu, pamoja na vipimo vya figo, ini na tezi ya thairoidi. Orodhesha dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba na za maumivu unazojinunulia. Usizifiche kwa kuona haya. Baadhi yake ndizo zinazoongeza hatari ya kutokwa damu ukiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.

Sehemu ya kwanza: damu kuganda

Vyumba vya juu visiposinyaa vizuri, damu hutuama, hasa katika kifuko kidogo kilichopo ubavuni mwa chumba cha kushoto, na bonge likitoka hapo linaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Hatari hiyo haipimwi kwa ukali wa dalili. Mtu asiyesikia kitu chochote anaweza kuwa na hatari kubwa kuliko yule anayeamshwa na mapigo kila usiku. Madaktari huikadiria kwa kuhesabu alama: moyo kushindwa kufanya kazi, shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa mishipa ya damu huhesabiwa alama 1 kila kimoja, umri wa miaka 65 hadi 74 ni alama 1, miaka 75 na kuendelea ni 2, na kuwahi kupata kiharusi ni alama 2. Utaratibu wa zamani ulimwongezea mwanamke alama 1, lakini mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 uliiondoa, na ndiyo maana mwanamke anaweza kupewa hesabu mbili tofauti na madaktari wawili ambao wote wako sahihi. Jihesabie nyumbani, kisha uliza: «Mimi nimepata alama hizi, wewe unazipata ngapi, na kwa alama hizo unapendekeza nini?»

Fuatisha swali la upande wa pili wa mizani: «Ni mambo gani yananiongezea hatari ya kutokwa damu, na lipi kati yake tunaweza kulirekebisha?» Mara nyingi yapo yanayorekebishika, kama shinikizo la damu lisilodhibitiwa, pombe, au dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni. Kisha ndipo uulize dawa yenyewe. Kwa wagonjwa wengi dawa mpya kama apiksabani na rivaroksabani hutangulizwa, lakini mwenye vali ya chuma, au mwenye vali ya mitrali (ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyobana kwa kiwango cha kati au kikubwa, anahitaji warfarini. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 kuhusu wagonjwa ambao moyo wao uliathiriwa na homa ya baridi yabisi ulionyesha kwamba waliotumia dawa za jamii ya warfarini walifanya vizuri kuliko waliotumia rivaroksabani. Kama uliwahi kuambiwa kwamba vali zako zina tatizo, sema hivyo kabla hujaandikiwa chochote.

Ukipewa warfarini, uliza kiwango chako kinachotakiwa cha INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda (kwa mpapatiko usio na vali bandia kwa kawaida ni kati ya 2 na 3), kitapimwa kila baada ya muda gani, na ni nani atakayekuambia ubadilishe dozi. Ukipewa dawa mpya, uliza figo zako zitapimwa lini tena, ufanye nini ukisahau dozi, na kama dawa inamezwa pamoja na chakula, jambo ambalo kwa rivaroksabani ni la lazima ili ifyonzwe ipasavyo. Uliza pia utakavyofanya siku ya kung'olewa jino au kufanyiwa upasuaji. Kama umekuwa ukitumia aspirini peke yake ukidhani inatosha kukukinga na kiharusi, litaje hilo wazi, kwa sababu miongozo ya sasa haiipendekezi kwa kazi hiyo. Na kama umewahi kutokwa damu vibaya kiasi kwamba dawa hizi hazikufai, uliza kuhusu kuziba kile kifuko kwa kifaa maalumu.

Swali la mwisho katika sehemu hii ndilo ninaloliona la thamani kuliko yote: «Mapigo yangu yakirudi sawa, nitaendelea na dawa hii?» Kwa kawaida jibu hufuata zile alama, haliangalii utulivu wa mapigo, na ni heri ulisikie kwa kinywa cha daktari wako.

Sehemu ya pili: mapigo yenyewe

Hapa kuna njia mbili. Moja huuacha mpapatiko uwepo na kupunguza tu kasi ya moyo. Nyingine hujaribu kurudisha mpangilio. Uliza: «Kwa hali yangu tunalenga lipi, na kwa nini?» Utafiti mmoja mkubwa uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha faida ya kurudisha mpangilio mapema kwa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa haujatimiza mwaka mmoja tangu kugunduliwa, kwa hiyo tarehe ya kugunduliwa kwako ina uzito. Ikiwa lengo ni kasi, uliza namba: wengi huanza kwa kulenga mapigo yasiyofika 110 kwa dakika wakiwa wamepumzika.

Ikiwa lengo ni mpangilio, kila dawa ina maswali yake. Amiodaroni hufanya kazi vizuri lakini inaweza kudhuru tezi ya thairoidi, mapafu, ini na macho, na huongeza nguvu ya warfarini. Uliza vipimo gani vitafanywa kabla ya kuianza na vitarudiwa lini. Flekainidi haimfai aliyewahi kupata shambulio la moyo. Ukiambiwa kwamba moyo utashtuliwa kwa umeme, uliza kuhusu dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo kwa kawaida hutumiwa wiki 3 kabla na wiki 4 baada ya hapo.

Ablesheni inahitaji muda wako mwingi zaidi. Daktari hupitisha mirija myembamba kutoka kwenye nyonga hadi moyoni, kisha huharibu kwa makusudi tishu zinazozunguka vena za mapafu, mahali ambapo watafiti wa Bordeaux walionyesha mwaka 1998 kwamba mapigo mengi ya uchochezi huanzia. Uliza ameifanya mara ngapi kwa mwaka, na ni madhara gani wamepata wagonjwa wake mwenyewe. Usione haya, mtaalamu anayeijua kazi yake ana majibu, na hayamkwazi. Uliza anaposema «kufanikiwa» ana maana gani: ni kutokuwa na mpapatiko wowote, au kupungua kwa dalili? Kwa muda gani, na utapimwaje? Uliza uwezekano wa kurudia, kwani kurudia si jambo la ajabu, na mapigo yanaweza kuvurugika katika miezi miwili au mitatu ya kwanza bila ya kazi kuwa imeharibika.

Usiondoke bila kuuliza unachoweza kufanya mwenyewe kuhusu uzito, pombe, mazoezi na shinikizo la damu. Kama unakoroma sana au pumzi hukatika usingizini, nenda na mtu anayelala nawe, maana yeye ndiye shahidi.

Siku ya miadi, panga maswali matatu ya juu kabisa na uyatangulize, kwa sababu muda huisha. Mtu uliyekwenda naye aandike wakati wewe unasikiliza, kisha rudia kwa maneno yako ulichoelewa ili daktari akusahihishe. Mwisho, uliza ni dalili gani zinazotaka uende hospitali papo hapo: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kukwama, kuzimia, maumivu ya kifua, damu isiyokoma. Kama umefanyiwa ablesheni, ongeza homa na maumivu wakati wa kumeza yanayojitokeza hata wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa yanaweza kuashiria tundu kati ya moyo na umio, ambalo ni nadra lakini huua. Andika namba ya simu ya kupiga usiku kabla hujainuka kitini.