Maharage yakishachemka, punguza moto

Moto mkubwa hauivishi maharage haraka. Maji yakifika nyuzi 100 (Nairobi ni karibu 94 kwa sababu ya mwinuko) hayapandi tena. Joto lote unaloongeza linageuza maji kuwa mvuke tu. Hilo ndilo joto fiche.

Angalia hesabu. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 315 hivi. Kuikausha lita hiyohiyo iwe mvuke: 2,260, yaani mara saba! Kwa jiko la gesi linalofikisha nusu ya joto lake kwenye sufuria, hiyo ni kama gramu 100 za gesi zilizopotea hewani, na bado utaongeza maji.

Kwa hiyo acha yachemke kwa nguvu dakika 10 (maharage mekundu yana sumu inayohitaji mchemko huo), kisha funika na ushushe moto mpaka yatokote polepole. Mfuniko ukirukaruka, moto bado ni mwingi. Ukilazimika kuongeza maji, yawe ya moto, maana ya baridi hukatisha mchemko.